Hivi vunjajungu kaitwa vunjajungu kwa sababu gani hasa?

Bint_Asmini (Wete)

Assalam alaykum wanajamvi. Nna suali limenikaa rohoni toka juzi na humu najua wapo watu wa lugha na watu wa shamba, naomba mnisaidie.

Juzi alasiri nilikuwa uwani nachuma asmini na mtoto wa dada yangu, ana miaka minane, kikapu kimeshafika nusu mara akaona mdudu kwenye kijiti, wa kijani vile vile kama majani, miguu ya mbele kaikunja kifuani, kichwa pembe tatu. Mtoto akamgusa mgongoni kwa ncha ya kidole, mdudu wala hakuruka, akageuza shingo taratibu akamtazama. Mtoto akafurahi mno, anacheka peke yake. Bibi yupo ukumbi wa nyuma anapeta mchele, akapiga ukelele, "Mwache huyo! Vunjajungu huyo! Leo utatuvunjia vyombo humu ndani!"

Sasa Mungu naye kajaalia, baada ya magharibi mtoto katumwa kuleta bakuli la mchuzi kutoka jikoni, likamponyoka mlangoni hapo hapo, vipande vipande, mchuzi wa changu wote chini. Hakuna aliyempiga wala kumkaripia lakini bibi alisema neno moja tu, "Si nlisema?" Mtoto kalia mpaka kalala bila ya kula. Asubuhi ananambia, "Khalati, mie nna nuksi." Wallahi limeniuma.

Kwa hiyo nauliza. Kwanza, hili jina limetokana na hiyo imani, au watu walisikia jina tu kisha imani wakaijenga juu yake? Manake kama jina ndo la mwanzo basi ntamwambia mtoto kuwa watu walichanganya maneno. Pili, lina uhusiano na ile kuvunja jungu yetu ya mwisho wa Shaaban? Mana maneno ni yale yale. Natanguliza shukrani.

Mkaa_Ngambo

Waalaykum salaam dada. Mie siku zote nafahamu kuwa jungu hapo ni chungu mdudu, yule sisimizi, sasa huyu kwa kuwa anakula wadudu wenzake ndo akaitwa vunja chungu, yaani muuaji wa chungu wakubwa. Hayo ya vyombo yamekuja baadae kwa kuwa neno chungu lina maana mbili. Ndo nnavyofahamu mie.

Msomi_wa_Baraza (Unguja)

Mkaa_Ngambo ndugu yangu naomba nikusahihishe kidogo, mana hapa ndo penye ufunguo wenyewe.

Chungu cha kupikia na chungu mdudu ni maneno mawili tofauti yaliyofanana sauti tu. Angalia wingi wake. Cha kupikia ni kimoja chungu, viwili vyungu. Mdudu mmoja chungu, wengi nao ni chungu, unasema "chungu wameingia kwenye sukari", husemi vyungu wameingia. Sasa chungu cha kupikia ukikikuza kinakuwa jungu, wingi majungu, sawasawa na kikapu kuwa kapu na chombo kuwa jombo. Ile ch ya mbele ndo inayobadilika. Chungu mdudu hana hiyo ch ya kubadilika, kwa hiyo hawezi kuwa jungu. Na hata ukimtazama mdudu mwenyewe, kazi yake si kuwinda sisimizi, yeye anakaa juu ya jani anasubiri nzi, panzi na vipepeo.

Kwa hiyo jungu hapo ni chungu kikubwa, hakuna jengine. Na mie nasema neno hilo halikuchaguliwa bure. Jungu ndo la hitima na la harusi, ndo lile la "jungu kuu halikosi ukoko". Hawakumwita vunjakikombe wala vunjasahani. Walitaja hasara kubwa kabisa inayoweza kutokea jikoni, manake likivunjika jungu si chombo tu kilichokwenda, na chakula cha watu wote kimemwagika.

Sasa nije kwenye suali lako dada Bint_Asmini, kipi cha mwanzo. Mie naliona jibu liko ndani ya jina lenyewe. Tunayo majina ya aina hii, kitendo mbele na kinachotendwa nyuma: zimamoto, kifunguamimba, kitindamimba (na huyu mdudu nae wapo wanaomwita kivunjajungu), halafu na kombamwiko, yule mende. Kombamwiko maana yake anayekomba mwiko, na kweli anaukomba, ukiacha mwiko una uji usiku asubuhi utamkuta juu yake. Jina linasimulia kazi yake. Lakini vunjajungu hajawahi kuvunja jungu hata siku moja, mdudu mwepesi vile atavunja nini? Anayevunja ni mtu. Yaani jina halisimulii anachofanya mdudu, linasimulia kinachosemwa kuwa kitampata aliyemgusa, kwamba chombo cha mwanzo atakachokishika baada ya hapo kitavunjika. Sasa mtu hawezi kumpa mdudu jina kama hilo mpaka kwanza hiyo kauli iwe ipo midomoni mwa watu. Kwa hiyo kwangu mie imani ilitangulia, jina likafuata. Na hii imani si ya Pemba peke yake, imo hata kwenye kamusi za zamani za Kiswahili kama maelezo ya jina hilo.

Najua hili si jibu ulilotaka kumpelekea mtoto, lakini ndo lenye nguvu zaidi.

Mama_Mapacha

Mie nitie la Shaaban mana hilo ndo langu kila mwaka 😊

Kuvunja jungu tunayoifanya sie ni ile siku ya mwisho mwisho ya Shaaban, mwezi haujaandama bado, watu wanakwenda pwani au shamba na mapilau yao na mabiriani, juisi, mishikaki, watoto wanaoga bahari, jioni mnarudi mmechoka mnasikiliza kama mwezi umeonekana. Maana yake mie nlivyofunzwa na mama ni kwamba jungu la mchana ndo mnaliaga, kuanzia kesho yake hakuna kutia chungu motoni kwa ajili ya chakula cha mchana, basi ni kama limevunjwa. Bibi yake mama alikuwa akisema wao vyungu vikuukuu vilivyoota ufa walikuwa wanavitupa kweli siku hizo wakaingia Ramadhani na vyungu vipya.

Kwa hiyo hapo jungu linavunjwa kwa furaha, na la mdudu linavunjika kwa bahati mbaya. Maneno ni yale yale lakini mambo mawili mbali mbali, mdudu hana lake kwenye Shaaban. Mie naona watu wanachanganya kwa sababu kinachosikika sikioni ni kimoja, halafu na hii ya kupika majungu ya kusengenya watu nayo ikiingia humo ndo basi tena, jungu limebeba mzigo kweli.

Na mtoto mpe pole sana. Mwambie mie mwaka jana nimevunja thamosi mbili na vunjajungu sijamuona hata kwa mbali.

Babu_Karafuu (Ole)

Waalaykum salaam wanangu. Nasoma kwa simu ya mjukuu wangu na yeye ndo anayenandikia, nyinyi mmesema vizuri lakini kuna kitu mmekiruka.

Maalim hapo juu kasema jina la mdudu ama linasimulia kazi yake ama linasimulia yanayomfika mtu. Sawa. Nami nampa mfano wa shamba. Kwenye mikarafuu tuna chungu wa rangi ya kahawia yenye wekundu, wanashona majani yakawa kama mfuko wanaishi humo. Jina lao maji moto. Wale si maji na wala hawana moto, lakini panda mkarafuu uguse tawi lenye nyumba yao, watakushukia shingoni na kwapani, wanauma kisha pale walipouma wanapatia maji yao makali, utasema umemwagiwa birika. Basi jina lao ni yale unayoyasikia wewe mwilini. Kwa hiyo sie watu wa huku kumwita mdudu kwa kile kinachompata mtu ni mwendo wetu wa zamani, si ajabu kwa vunjajungu.

Sasa kilichorukwa. Mnazungumza chungu kama mnavyozungumza sufuria. Nlipokuwa ntoto kwetu kulikuwa na mtungi wa maji mmoja, vyungu viwili vya mchuzi, kimoja cha wali, na kaango. Basi. Mama yangu alikuwa anajua kila ufa wa kila chungu. Chungu kipya hukitii motoni kwa pupa, unakizoesha moto mdogo kwanza, ukikosea kinapasuka siku hiyo hiyo. Na chungu kilichozoea ndo chenye ladha, mchuzi wa pweza wa kwenye chungu cha miaka mitatu huwezi kuulinganisha na wa sufuria. Kikivunjika umepoteza kile na umepoteza ile miaka yake. Maji tunayateka kisimani, watoto wa kike ndo wanaotwishwa mitungi, njia yenyewe ina mawe na mizizi ya miembe. Sasa niambieni, ntoto ametumwa maji, kaona mdudu mzuri kwenye majani, kasimama anamchezea, mtungi uko kichwani. Nini kitatokea?

Mie nasema maneno yale yalianza hapo. Ntoto anayechezea vunjajungu ni ntoto ambaye akili yake haiko kwenye kilichoko mikononi mwake. Wazee waliona mara moja, mara mbili, wakasema usimguse huyo, anavunjisha vyungu. Haikuwa nuksi, ilikuwa uangalizi. Nuksi imekuja baadae kwa wale waliokumbuka makatazo wakasahau mtungi.

Msomi_wa_Baraza (Unguja)

Babu shikamoo. Hapo umenifungua macho, sikufikiria kabisa upande wa mtungi kichwani. Mie nilikuwa nikiishia kwenye neno. Ila naomba nitofautiane kidogo kwa heshima, naona na umbo la mdudu lina sehemu yake. Mtazameni anavyosimama. Kifua kirefu kakiinua, mikono miwili kaikunja mbele, kichwa kainamisha, halafu anayumba yumba kidogo kama jani linalopepewa. Mie kila nikimuona namuona mtu ambaye kitu kimemponyoka sasa hivi, mikono imebaki ilivyokuwa imeshika, anatazama chini vigae. Wapo wadudu kibao wazuri wa kuchezewa, kimulimuli, kerengende, panzi, mbona hawakuambiwa wanavunjisha vyungu? Kwa nini huyu?

Babu_Karafuu (Ole)

Marahaba mwanangu. Kerengende na panzi wanaruka, ntoto anawakimbilia, mtungi hawezi kuwakimbilia nao, atautua kwanza. Huyu anakaa palepale, anamsimamisha ntoto na mzigo wake kichwani. Lakini hilo la mikono ni kweli, nimelicheka na nimelikubali.

Mdudu_kwa_Mdudu

Salaam. Mie nafanya kazi za kilimo, wadudu ndo riziki yangu, na huyu ni katika niwapendao kupita wote kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

Dada Bint_Asmini, kwanza mtoto wako hakukosea kumgusa. Hana sumu, ni nadra kumuuma mtu, hatii ugonjwa. Mkubwa wake ukimshika vibaya anaweza kukufinya kwa ile miguu ya mbele mana ina miiba ndani kama msumeno, basi. Na shambani ni rafiki, anakula panzi na viwavi na nzi. Ukiona kwenye kijiti kitu kama povu lililokauka, rangi ya kahawia, gumu, usikibandue, hayo ni mayai yake, watatoka humo watoto kwa makumi, wadogo kama chungu, kila mmoja mikono kaikunja tayari.

Pili hiko kitendo cha kugeuza kichwa akamtazama mtoto. Hapo ndo watu wengi wanapopata woga, mana wadudu hatukuwazoea kututazama. Huyu shingo yake inazunguka vizuri mno, anaweza kutazama hata nyuma yake bila ya kugeuza mwili. Na ukimkaribia utaona kwenye jicho lake nukta nyeusi, ukenda kushoto nukta inakufuata, ukenda kulia inakufuata. Mtu anaapa kuwa mdudu anamkodolea. Kumbe ile nukta si mboni. Jicho lake limejengwa kwa vijicho vidogo vidogo vingi sana vilivyopangwa kama sega la nyuki, vile vilivyoelekea kwako moja kwa moja vinaumeza mwanga ndo vinaonekana vyeusi, wewe ukihama vinakuwa vyengine. Juu ya hayo mawili makubwa ana mengine matatu madogo katikati ya kipaji, jumla matano. Mwonyeshe mtoto hiyo nukta, atasahau bakuli.

Tatu la jina. Watu karibu wote duniani waliomtazama huyu waliona mikono ile. Wagiriki wa kale walimwita mantis, maana yake mtabiri, anayeona ya ghaibu. Linnaeus, Mswidi aliyewapa viumbe majina ya kitaalamu, mwaka 1758 akamwita mmoja wao religiosus, leo anaandikwa Mantis religiosa, yaani mtabiri mcha Mungu, mana anaonekana kama anaomba. Waarabu wanamwita faras an-nabi, farasi wa Mtume. Wote wameelekea kwenye ibada na mambo ya mbinguni. Sie Waswahili tukaelekea jikoni. Na mie nalipenda jina letu kuliko yote kwa sababu hiyo hiyo, na baada ya kumsoma Babu hapo juu ndo nimelipenda zaidi.

Sasa sikilizeni hili, maana Msomi kamtaja kombamwiko bila ya kujua kakanyaga wapi. Kwenye elimu ya wadudu, ukoo ulio karibu kabisa na vunjajungu si panzi ijapokuwa wanafanana. Ni mende. Mende, mchwa na vunjajungu ni matawi ya mti mmoja. Yaani wazee bila ya darubini wamewapa jamaa wawili majina ya muundo mmoja na yote mawili ya jikoni, mmoja anakomba mwiko na mwengine anavunja jungu. Wao hawakukusudia undugu, waliokuwa wakiangalia ni vyombo vyao. Lakini kila nikikumbuka nasisimka.

Na Babu kuhusu maji moto, ni kweli kabisa, na wale wanashona majani kwa uzi wa watoto wao, mkubwa anamshika mtoto mdomoni anampeleka huku na huku kama mtu anayefuma, uzi unatoka kwa mtoto. M. J. Way aliwafanyia utafiti hapa hapa Zanzibar akauchapisha mwaka 1954, na ikajulikana kuwa wanailinda minazi na mdudu anayefyonza vidaka vikaanguka kabla ya kufika hata kitale. Huyo mfyonzaji kwa kitaalamu jina lake la pili ni wayi, kapewa kwa heshima ya mtafiti huyo. Kwa hiyo hata jina la kitaalamu mara nyengine halimsimulii mdudu, linamsimulia mtu.

Mkaa_Ngambo

Nimekubali kusahihishwa jamani, la vyungu na chungu limeniingia. Miaka yote nimewaambia watoto skuli ndivyo sivyo, kesho nalirekebisha.

Bint_Asmini (Wete)

Jazakumullahu kheir nyote. Nimesoma uzi wote mara mbili kisha nimekwenda kumsomea bibi, hasa ya Babu_Karafuu. Aliposikia la mtungi kichwani akanyamaza kidogo halafu akacheka, akasema, "Huyo mzee wa wapi huyo, kajuaje?" Ndo akanihadithia kitu hajapata kunambia. Alipokuwa mdogo yeye mwenyewe aliwahi kuvunja mtungi njia ya kisimani, mpya, haujatimiza hata wiki, na kweli alikuwa kasimama anamtazama vunjajungu kwenye mpera. Hakuthubutu kurudi nyumbani mpaka jua limekuchwa. Mama yake hakumpiga. Ila kuanzia siku ile mtoto yeyote pale kwao akimgusa yule mdudu mama alikuwa anampa kifuu cha nazi akishike kwanza kabla hajashika chombo chengine. Kwa kuwa inasemwa chombo cha mwanzo ndo kitakachovunjika, basi cha mwanzo kiwe kifuu.

Nikamuuliza mbona juzi hukumpa mtoto kifuu? Akasema alisahau, siku hizi vifuu viko wapi, nazi tunanunua zimeshakunwa.

Jana jioni tumemtafuta tena kwenye ule mwasmini, tumemkuta upande wa ukutani, sasa hivi ana nzi mkononi anamla kuanzia kichwani. Mtoto kaiona ile nukta ya jicho, kazunguka mwasmini mara tatu kuona kama inamfuata. Kamgusa. Bibi alikuwa kasimama mlangoni na kifuu, sijui kakipata kwa jirani gani, akamkabidhi, mtoto akakishika kwa mikono miwili kisha akakiachia makusudi juu ya saruji. Kikadunda kikabingirika mpaka kwenye mfereji. Akakifuata, akakiosha, amelala nacho.

Na kuhusu Shaaban Mama_Mapacha, Inshaallah mwezi ukikaribia na sie tunakwenda kuvunja jungu pwani, na mbeba bakuli la mchuzi keshapatikana, kaomba mwenyewe.